Swali la msomaji: Trevithick alitangulia 1804, mbona sifa anabeba Stephenson?

Swali: "Fundi, nimesoma Trevithick aliendesha treni ya mvuke 1804 ila kila mtu anamtaja Stephenson. Hiyo miaka 20 katikati walikuwa wanafanya nini? Na chuma juu ya chuma, mbona gurudumu halizunguki bure palepale?"

Jibu: Naanza na la kuteleza maana ndo linafungua lile lingine. Reli ikiwa kavu, gurudumu linashika kwa nguvu ya kama robo ya uzito uliolikalia, tuseme moja ya tano ili tusijidanganye. Kwahiyo injini ya tani 5 inavuta kwa nguvu ya tani 1 kabla haijaanza kuteleza. Behewa la enzi zile kwenye tambarare lilihitaji mvuto wa kilo 5 hivi kwa kila tani, piga hesabu mwenyewe, ni tani 200! Balaa ni mlima: ukipanda mita 1 kila mita 100 unaongeza kilo 10 kwa kila tani, zile 200 zinabaki 60 na kitu ukijumlisha na injini yenyewe, na mvua ikinyesha ndo usiseme. Hata injini za dizeli za leo zinabeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu.

Yaani mshiko ni uzito. Na uzito ndo ulimkwamisha Trevithick.

Tarehe 21 Februari 1804 kule Penydarren, Wales, mashine yake ilivuta tani 10 za chuma na watu kama 70 waliodandia, karibu km 16, ikatumia saa 4 na dakika kidogo. Injini ilifanya kazi yake, zilizopasuka ni reli. Zilikuwa vipande vifupi vya chuma cha kumwaga kwenye kalibu, kigumu ila kikigongwa kinakatika, tena ziliwekwa kwa ajili ya mabehewa ya farasi, sasa unapitisha juu yake tani 5 zisizo na springi hata moja. Baada ya safari chache wakarudi kwenye farasi.

Ukipunguza uzito reli zipone, mshiko unapotea. Ndo maana mimi simcheki John Blenkinsop, msimamizi wa mgodi wa makaa, kama wengi wanavyomcheka, eti 1812 kule Leeds aliweka gurudumu la meno linalouma meno ya pembeni mwa reli kwa kuwa hakujua kama gurudumu laini, lisilo na meno, linashika. Alijua vizuri tu, alichotaka ni injini nyepesi isiyovunja reli lakini ivute mzigo mkubwa, na ilivuta makaa ya mawe kwa miaka. William Hedley wa mgodi wa Wylam, England, yeye alienda na magurudumu laini, akajaribu kwanza kwa toroli linaloendeshwa na watu kwa mikono, likashika. Ila injini yake, Puffing Billy, nayo ikavunja reli mpaka ikabidi waiongezee magurudumu yawe 8 kugawanya uzito.

Aliyekata mzizi ni John Birkinshaw, na sijui kwanini hatajwi. 1820 alisajili hataza (haki ya mvumbuzi) ya reli za chuma cha kufua zinazopitishwa kwenye rola, kipande kimoja kama mita 4.5 wakati zile za zamani zilikuwa mita 1 hivi, zinapinda kidogo badala ya kukatika na maungio yanapungua. Hapo ndo nampa George Stephenson heshima yake, maana alikuwa na hataza ya reli za kalibu pamoja na William Losh, angeweza kuzisukuma apate hela, lakini kwenye njia ya reli ya Stockton na Darlington, England, iliyofunguliwa 1825 akapendekeza za Birkinshaw. Losh alikasirika sana.

Ikabaki boila. Locomotion, injini ya Stephenson ya 1825, ilikuwa na bomba moja kubwa la moto ndani ya maji, ikikimbia kidogo tu mvuke unaisha. Injini ya Rocket ya 1829, kazi ya mtoto wake Robert zaidi, iliweka mabomba 25 ya shaba, wazo la Henry Booth, maji yakapata eneo kubwa la kupashwa, na mvuke uliotumika ukapulizwa kwenye dohani ili uvute hewa motoni. Hilo la dohani Trevithick alishaliona 1804. Kwenye mashindano ya injini ya Rainhill, mwaka huohuo wa 1829, walitakiwa kufikisha maili 10 kwa saa, Rocket ikagusa karibu 30.

Trevithick mwenyewe 1816 alishaondoka kwenda migodi ya Peru, akarudi 1827 hana kitu, na nauli alisaidiwa na huyohuyo Robert Stephenson waliyekutana Cartagena, Colombia.