Nyambizi ya nyuklia ikizama, kinachoua watu ni nini hasa?

SWALI: Salama Mhariri? Mi nauza mukene, hawa dagaa wa Ziwa Victoria, hapa Katosi Uganda, juzi kijana wangu kanionyesha kwa simu habari za nyambizi za nyuklia zilizozama zamani, sa nimebaki na hofu. Zile zilizobaki chini na vinu vyao ndani, si siku moja zitalipuka kama bomu? Na watu wa ndani mbona hawatolewi wakiwa hai? – Mama watatu, Katosi

JIBU: Salama dada yangu, na hofu yako naielewa kabisa ila hilo la bomu liondoe. Kinu cha nyambizi kinachemsha maji, mvuke ndo unazungusha mitambo, hakikuundwa kulipuka kama bomu. Shida yake ni mionzi kuvuja. Nyambizi Komsomolets ya Urusi ya wakati ule wa Kisovieti iko kwenye Bahari ya Norway, mita 1,680 chini, na kinu chake na topido mbili za nyuklia (topido ni kombora la kwenda chini ya maji), na mwaka 2019 watu wa Norway walipima maji kwenye bomba lake moja wakakuta seziamu, kitu chenye mionzi, karibu mara 800,000 ya kawaida, lakini inayeyuka haraka kwenye maji mengi na samaki hawajaonekana kudhurika. Lazima iendelee kupimwa tu. Na wale watu 42 waliokufa tarehe 7 Aprili 1989 hawakuuliwa na nyuklia, ulikuwa moto, halafu wengi wakafa kwa baridi majini wakisubiri kuokolewa.

Sa hilo la pili ndo linaniuma. Kursk, pia ya Urusi, ilizama tarehe 12 Agosti 2000 kwenye Bahari ya Barents, chombo cha mita 154 kimelala kwenye mita 108 tu, yani ungekisimamisha wima kingetokeza juu! Hili Ziwa Victoria letu lenyewe lina kama mita 80 pale penye kina kirefu kabisa. Topido moja ya mazoezi ilivujisha hidrojeni peroksaidi, kemikali ya kuisukuma, ikalipuka, dakika mbili na kidogo baadaye zikalipuka na zingine za mbele, vinu vikajizima salama. Watu 118 wote walikufa, lakini si wote siku ile ile kwa mshindo ule, 23 walikimbilia chumba cha tisa huko nyuma, na ofisa mmoja Dmitri Kolesnikov akaandika majina yao kwenye karatasi, saa saba na robo mchana, akasema anaandika gizani kwa kupapasa. Banange, huyo mtu alikuwa na miaka 27. Walikuwa na vibao vya kemikali vya kutengeneza oksijeni, kimoja kikagusa maji yenye mafuta, kikawaka, moto ukamaliza hewa. Norway na Uingereza walijitolea kusaidia mapema, Urusi ikachukua siku kadhaa kukubali, na wapiga mbizi wa Norway walipofungua mlango tarehe 21 chumba kilikuwa kimejaa maji. Sisi watu wa ziwa hili tunakumbuka meli ya MV Bukoba iliyopinduka 1996, waokoaji walivyotoboa bodi hewa ikatoka meli ikaenda chini yote, kwa hiyo usidhani kutoa mtu chini ya maji ni nguvu tu.

Kinachosaidia kweli ni kazi ya kabla ya kuzama. Marekani walipoteza nyambizi yao ya nyuklia Thresher tarehe 10 Aprili 1963, watu 129, inaaminika kiungo cha bomba kilipasuka, kinu kikazimika, na njia ya hewa ya kusukuma maji nje ya matangi ikaziba kwa barafu. Mwaka ule ule wakaanzisha mpango unaoitwa SUBSAFE, kila kiungo na kila vali inayokutana na bahari ikaguliwe, aliyekagua aweke saini, ukikosekana ushahidi wa chuma kile kimetoka wapi chombo hakiendi chini. Tangu hapo wamepoteza nyambizi moja tu, Scorpion, mwaka 1968 na watu 99, na hiyo ilikuwa bado haijamaliza kupitishwa kwenye mpango huo.