Nyimbo tisa za chumbani

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwimbaji na mtunzi, nakaa Ngamiani, Tanga. Nimesoma kwamba Mmarekani anayejiita Bon Iver alirekodi albamu peke yake kibandani, ikampatia tuzo ya Grammy. Nami nimerekodi nyimbo tisa chumbani kwangu, lakini wenzangu wanasema bila lebo kubwa, yaani kampuni ya kutoa muziki, ninapoteza muda. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kisa hicho ni cha kweli, ila wasimuliaji hukikata mwanzo na mwisho, na huko ndiko kwenye faida yako.

Justin Vernon, maana hilo ndilo jina lake, hakuingia kibandani akiwa mwanagenzi. Alikwishapiga muziki kwa miaka kadhaa na bendi ya DeYarmond Edison, ambayo ilivunjika walipokuwa North Carolina, naye akiwa ametoka kuugua na kuachana na mpenzi wake. Majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007 alijifungia kama miezi mitatu katika kibanda cha babake cha kuwindia, huko Wisconsin. Maikrofoni yake ilikuwa Shure SM57, ambayo si kifaa cha kifalme hata kidogo, na gita lilikuwa kuukuu. Utajiri wa albamu ile, *For Emma, Forever Ago*, umo kwenye sauti: aliimba kwa sauti nyembamba ya juu, akairekodi tena na tena juu ya ile ya kwanza, hata mtu mmoja akasikika kama kwaya. Nawe jaribu: imba kiitikio mara nane, kila mara ukisogea nyuma kidogo, kisha uzicheze zote pamoja (ila subiri kwanza mvua iache kupiga mabati).

Mwaka 2007 alitoa mwenyewe nakala takriban 500 za CD. Sifa zilipoenea, Jagjaguwar, lebo ndogo ya kujitegemea ya Indiana, iliitoa upya Februari 2008. Grammy zilikuja 2012, tena kwa albamu ya pili, na mojawapo ilikuwa ya Msanii Mpya Bora, jambo la kuchekesha kwa mtu aliyekwisha kusikika miaka minne.

Kwa hiyo wenzako wamekosea kuhusu ukubwa wa lebo, ingawa hawakukosea kwamba kazi huhitaji msambazaji. Vernon alipeleka kazi iliyokamilika, nayo lebo ikaifikisha mbali. Nyimbo zako ni tisa, idadi ileile ya albamu yake. Zikamilishe, kisha uzisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujampa yeyote faili zake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda mtunzi hata usiposajili, lakini cheti hurahisisha ushahidi pakizuka ubishi. Ukiletewa mkataba, tafuta kwanza kifungu kinachosema rekodi zako halisi (master) ni mali ya nani, na kwa miaka mingapi. Kisipokuwepo, usitie sahihi siku hiyo.