Pangaboi, Iliki na Udi: Ukibana Matumizi, Nini Kiende na Nini Kibaki?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu walioanza kubana matumizi, na karibu zote zina jambo moja: mtu ameanza kukata kile kinachompa raha kabla hajakipigia hesabu. Mara nyingi raha yenyewe ni ya shilingi mia mbili, mia tatu kwa siku, na pesa inapotelea kwingine kabisa. Tumejibu kwa vipimo ili kila mmoja atoe namba zetu na kuweka za nyumbani kwake.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Umeme wa elfu kumi haumalizi siku nane. Tuna pangaboi chumbani, feni ya kusimama sebuleni, friji, televisheni na pasi. Baba watoto anataka feni zizimwe usiku tufungue madirisha. Kwa joto hili la Januari tutalala kweli? – Mama wa watoto wawili, Tabata

JIBU: Dada, pangaboi lisizimwe. Pangaboi la kawaida linakula wati 70 hivi. Likizunguka saa 8 linatumia uniti 0.56. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, uniti ya matumizi ya kawaida, ile tarifu ya T1, ni shilingi 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika 356. Kwa hiyo usiku mmoja wa pangaboi ni shilingi 200, na mwezi mzima ni kama elfu sita.

Sasa tazama mlipo. Elfu kumi ni uniti 28, na zikiisha kwa siku nane maana yake mnatumia uniti 3.5 kila siku. Jumlisha pangaboi, feni ya sebuleni saa tano na televisheni saa tano: hazizidi uniti 1.2. Zaidi ya uniti mbili ziko kwenye friji na pasi, na hapo ndipo pa kushika.

Friji ya ukubwa wa kati ikiwa nzima hutumia karibu uniti moja kwa siku. Ipimeni hivi: usiku zimeni kila kitu isipokuwa friji, someni mita ya LUKU, kisha msome tena asubuhi kabla hamjawasha chochote. Ikiwa saa 8 zimekula zaidi ya nusu uniti, friji ina tatizo. Bana noti kwenye mlango na uivute. Ikichomoka kwa ulaini, mpira wa mlango umechoka na baridi inatoka mchana kutwa. Isogezeni kutoka ukutani kama sentimita 10, mfute vumbi nyuma, na barafu ikizidi unene wa nusu sentimita iyeyusheni. Sufuria ya moto isiingie kabla haijapoa. Pasi nayo ni wati 1,000 au zaidi, na kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja ni hasara, kwa sababu kila mara unalipia kuipasha upya. Pigeni pasi mara moja kwa wiki. Pamba nzito kwanza, halafu zimeni na kumalizia nguo laini kwa joto lililobaki.

Kuna faida nyingine, kubwa kuliko zote hizo. Matumizi yenu ya sasa ni uniti 105 kwa mwezi. Mkishuka chini ya 75 na kubaki huko, nendeni ofisi ya TANESCO ya eneo lenu muulize kama mita yenu inastahili tarifu ya D1, ambayo uniti ni shilingi 100, au 122 pamoja na kodi. Uniti 70 zitawagharimu 8,540 badala ya 24,920. Lakini kwenye D1 kila uniti inayozidi 75 inapanda hadi 350 kabla ya kodi. Wapangaji wanaotumia mita moja hawakai huko: familia mbili zikichangia, 75 inavukwa katikati ya mwezi.

Pangaboi likianza kuzunguka kivivu, usikimbilie kununua jingine. Zima swichi kuu, sukuma panga kwa mkono. Likizunguka laini, kilichochoka ni kapasita, kile kidude kidogo chenye nyaya mbili, mara nyingi cha mikrofaradi 2.5. Nunua chenye namba ileile, fundi akifunge. Likiwa gumu au linakwaruza, ni beringi.

Na kwa waliouliza kuhusu kiyoyozi: cha nguvu-farasi moja kwa saa 8 kinaweza kula uniti 5, yaani karibu 1,800 kwa usiku, sawa na mapangaboi tisa. Aliye nacho akiwashe saa moja kabla ya kulala, milango imefungwa, kisha pangaboi lichukue zamu.

SWALI: Nimerudi kwenye mkaa ili nibane pesa, kujaza mtungi mara moja kunaniuma. Jirani ananiambia napoteza. Nani yuko sahihi? – Mbagala

JIBU: Kinachouma ni kulipa kwa mkupuo. Mkaa unalipwa kidogo kidogo, kopo leo, kopo kesho, hivyo jumla yake huioni. Kipimo cha haki ni kilo. Kilo moja ya gesi hutoa nishati nyingi kuliko kilo ya mkaa, na jiko la gesi hufikisha sufuriani zaidi ya nusu ya moto wake, wakati jiko la kawaida la mkaa hufikisha kama robo tu. Ukiunganisha hayo mawili, kilo moja ya gesi inapika kazi ya karibu kilo nne za mkaa.

Kwa hiyo gawa bei ya kujaza mtungi kwa kilo zake, kisha gawa tena kwa nne. Tuseme mtungi wa kilo 15 unajazwa kwa 57,000: kilo ni 3,800, na robo yake ni 950. Sasa mwombe mwenye duka mwenye mizani akupimie kopo lako la mkaa. Kama kilo ya mkaa inakufikia kwa zaidi ya 950, jirani yako yuko sahihi. Ondoa kwanza vumbi na chenga kabla ya kupima, maana hizo unazinunua lakini hazipiki. Kuhusu mkupuo, tenga kila siku ile pesa ya kopo kwenye kibubu au kwenye simu. Mtungi ukiisha, pesa ya kujaza ipo.

Gesi inapotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni jiko chafu: moto ukiwa wa njano na sufuria ikapata masizi, matundu yameziba. Chomoa kichwa cha jiko, kizibue kwa sindano, kioshe, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Ya pili ni uvujaji: paka povu la sabuni kwenye regileta na kwenye maungio ya mpira, ukiona mapovu yanavimba funga mtungi na umwite fundi. Mpira ulioanza kupasuka haufungwi kwa utepe, unabadilishwa.

Maharage ndiyo yanayowarudisha wengi kwenye mkaa. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, yachemshe kwa moto mkali dakika 10 za mwanzo (hizo zisipunguzwe, maharage mabichi yanaumiza tumbo), kisha funika na kushusha moto. Pika ya siku tatu kwa pamoja, gawa, weka kwenye friji.

SWALI: Shikamooni. Nimewaambia wanangu chai ya maziwa itakuwa Jumapili tu, siku nyingine rangi. Nyumba imenuna. Je, kuna namna ya kupunguza bila kuiondoa? – Mama wa Kigogo

JIBU: Marahaba, na ipo. Kwa vikombe vitano wengi huchanganya nusu lita ya maziwa na robo tatu ya lita ya maji. Shusha maziwa hadi robo lita, maji yawe lita moja, na ladha iliyopungua uirudishe kwa iliki na tangawizi. Punje sita za iliki zitwange na maganda yake, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba kiponde, chemsha vyote kwenye maji dakika tano sufuria ikiwa imefunikwa. Tia majani vijiko viwili vidogo, dakika tatu. Maziwa yaingie mwisho, yapande mara mbili, epua.

Mpangilio huo una sababu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa. Maji yanayochemka hukiua. Ukiitia pamoja na maziwa baridi ndipo chai inapokatika vipande, na wengi humlaumu muuza maziwa bure.

Iliki nunua nzima, Kisutu au Kariakoo, ya kijani na isiyopasuka. Gramu 100 kwa kipimo hicho inavuka miezi miwili. Ya unga inapoteza harufu ndani ya wiki chache, ndiyo maana mtu hutia kijiko kizima na bado haisikii. Kama mnatumia maziwa ya unga, vijiko vinne vya kulia vinatosha robo lita. Gawa bei kwa gramu kabla ya kununua vipakiti vidogo, na soma maandishi: vingine si maziwa, ni mafuta ya mimea yenye sukari.

SWALI: Mimi mstaafu, naishi Magomeni. Kila jioni vikombe vitatu vya kahawa na kashata barazani, kama shilingi mia sita. Binti yangu anasema niache. – Mzee wa Magomeni

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Hiyo ni elfu kumi na nane kwa mwezi, na ndani yake mna maongezi, habari za mtaa na watu wa kukuulizia usipoonekana. Tungekuwa sisi, tungeitetea mbele ya binti. Angalia saa tu: kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha baada ya Isha ndicho kinachokuamsha usiku wa manane. Maliza kabla ya Magharibi.

SWALI: Bando linaisha kabla ya wiki. Niache kuangalia video? – Kijana wa Ubungo

JIBU: Angalia, ila shusha ubora. Saa moja ya video kwa 480p hula kama nusu GB; kwa 1080p inaweza kufika GB mbili, na kwenye kioo cha simu tofauti ni ndogo mno. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, na masasisho ya programu yasubiri Wi-Fi.

SWALI: Nasuka kila wiki tatu. Niikate hii? – Dada wa Sinza

JIBU: Isukume hadi wiki sita, gharama yako itakuwa nusu. Lala na kitambaa cha satini, pamba inakwaruza na kuchambua rasta. Kila wiki punguza shampuu kwa maji kwenye chupa ya kupulizia, sugua ngozi tu, suuza, kausha kabisa mpaka mizizini. Usivuke wiki nane, nywele zinajifunga shinani na kukatika wakati wa kufumua. Na msusi akivuta mpaka kichwa kinauma, mwambie alegeze hapohapo. Nywele za pembeni zikishaondoka kwa kuvutwa, hurudi kwa shida.

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumba yangu bila udi Ijumaa siioni nyumba, ila vikopo vya dukani vimenishinda bei. Naweza kupika mwenyewe? – Bibi harusi wa zamani, Ilala

JIBU: Waalaykum salaam. Unaweza, na utakaa nao muda mrefu. Tafuta robo kilo ya mabanzi madogo ya udi au msandali, kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha marashi ya waridi, na tola moja (kama gramu 12) ya mafuta ya manukato unayoyapenda. Mabanzi mengi ya bei nafuu ni mti wa kawaida uliolowekwa mafuta. Omba kuchoma kibanzi kimoja dukani, na kikinuka kuni tu, achana nacho.

Weka sukari na marashi kwenye sufuria nzito, moto mdogo, usikoroge sana la sivyo sukari inarudi chenga. Ikifika rangi ya asali, epua. Ikiwa nyeusi imeungua, na ukichoma udi huo nyumba itanuka sukari ya kuungua. Subiri mapovu yatulie, tia mabanzi, geuza yapakwe yote, ndipo umimine mafuta ya manukato. Yasiingie sufuria ikiwa jikoni: harufu yote inaruka na mvuke, na manukato yenye spiriti yanaweza kushika moto. Watoto wawe mbali, maana shira hiyo inaunguza kuliko maji yanayochemka. Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, tenganisha vipande kabla havijakauka, fungia kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana. Uache wiki mbili gizani. Unyevu wa Dar ndio adui: chupa ikiachwa wazi, sukari inavuta maji na udi unakuwa gundi.

Wakati wa kuchoma ndipo udi mwingi unapopotea. Kaa moja dogo linatosha kwenye chetezo. Liache liwe jekundu lote, kisha lifunike kwa tabaka jembamba la majivu, na juu yake uweke kipande kimoja cha ukubwa wa punje ya haragwe. Bila majivu, kipande kinaungua kwa dakika moja na unabaki na moshi. Juu ya majivu kinayeyuka polepole na harufu inashika mapazia. Fungua dirisha moja, na kama ndani kuna mwenye pumu, fukiza nguo na kanga chumba kingine akiwa hayupo.