Usipige hesabu ya "moja gawanya kwa SMR" kabla ya kuagiza mzigo

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema SMR (sehemu ya amana ambayo kila benki lazima iiweke BoT, yaani Benki Kuu ya Tanzania) ikiwa 6% amana ya laki moja inazaa fedha hadi milioni 1.67, BoT ikishusha hadi 5% inazaa milioni 2, kwa hiyo mikopo itamwagika, uagize mzigo sasa kwa kutegemea mkopo. Hesabu hiyo ilinitia hasara 2017.

Aprili 2017 SMR ilishushwa kutoka 10% hadi 8%. Kwa kanuni yako, kizidishio (hiyo moja gawanya kwa SMR) kilipanda kutoka 10 hadi 12.5, fedha ziongezeke kwa robo. Riba ya BoT kwa mabenki nayo ilishuka: 16% hadi 12% mwezi Machi, kisha 9% Agosti. Mikopo ya sekta binafsi ikasuasua tu, maana mikopo chechefu (ile isiyolipwa kwa wakati) ilikuwa imevuka 10%, wakati ukomo unaotakiwa ni 5%.

Tazama mkopo mmoja wa milioni 10. Benki inaandika milioni 10 kwenye mali zake, na papo hapo milioni 10 kwenye akaunti ya mkopaji. Fedha imezaliwa hapo, hakuna amana ya mtu iliyochotwa. SMR inafuata nyuma: kwa 10% ni milioni 1, kwa 8% ni laki 8. Nafuu ni laki 2! Mtaji je, yaani fedha za wenye benki wenyewe zinazobeba hasara? Kwa kigezo cha 14.5% ya mkopo ni milioni 1.45, na haukupungua hata senti. Akiba ya kutimiza SMR ikipelea, benki inaazima kwa wenzake au BoT. Mtaji uliokwisha kuliwa na mikopo chechefu hauazimwi hivyo. Ndiyo maana fedha zilizoachiwa SMR ikishuka hukimbilia dhamana za serikali (kuikopesha serikali), ambazo hazidai mtaji.

Wanaofundisha kizidishio kama injini wanatuumiza. Ile ni dari, tena inadhani kila benki inakopesha hadi shilingi ya mwisho na wakopaji wazuri wamepanga foleni. Marekani sharti kama la SMR ni 0% tangu 26 Machi 2020. Haya, gawanya moja kwa sifuri.

Mtaji kwanza, SMR baadaye. Chukua taarifa ya robo mwaka ya benki yako, zinatoka magazetini, soma mistari miwili: uwiano wa mtaji na mikopo chechefu. Mtaji ukiwa umekaribia 14.5% na chechefu inapanda, maombi yako yatakaa mezani hata SMR ikishuka hadi 3%.