Usipime lamB kwa maltosi ya asilimia 0.2

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba utakuza bakteria E. coli walioondolewa jeni ya lamB, inayotengeneza protini ya LamB, katika maltosi ya asilimia 0.2, ili wakishindwa kukua uthibitishe kwamba LamB ndiyo mlango wa sukari hiyo kwenye utando wa nje. Watakua, ndugu yangu, tena watanenepa.

Jaribio hilo hilo nililifanya hapa Mwanza na likanila muhula mzima. Kila asubuhi nilitoka Kirumba nikiomba chupa iwe safi, nikaikuta imechafuka kama maji ya ziwa baada ya mvua, sawasawa kabisa na chupa ya bakteria wazima. Nililaumu umeme uliokatikakatika, nikalaumu chumvi, nikafikia hata kumshuku mwenzangu kwamba amechanganya bakteria. Msimamizi wangu, aliyejua kila kitu isipokuwa hili, alisema bila kupepesa macho kwamba mlango ukifungwa sukari haiingii, kisha akanirudisha maabara mara ya nne.

Asilimia 0.2 ni karibu milimola 6 kwa lita. Kwa wingi huo maltosi, ambayo uzito wake wa molekuli ni 342 tu, hupenya kupitia OmpF, tundu la jumla linalopitisha molekuli ndogo zisizozidi takribani 600. Protini za aina hii huitwa porini, na kweli mimi nilipotea porini. LamB hudhihirisha kazi yake sukari inapokuwa adimu, mikromola chache tu, kwa sababu ukutani mwa tundu lake kuna safu ya asidi amino zenye pete zinazoipokea sukari na kuitelezesha hatua kwa hatua. Dagaa wakijaa, hata wavu uliochanika hurudi na kitoweo.

Kwa hiyo shusha sukari! Lakini kwa mikromola chache ukuaji hauonekani kwa macho, hivyo pima kasi ya kuingia kwa maltosi yenye mnururisho. Na kama huna, wape maltopentaosi, mnyororo wa glukosi tano wenye uzito wa 828, ambayo OmpF haiwezi kuipitisha. Iwe imesafishwa, kwa maana mabaki ya glukosi yatakudanganya upya.

Kuhusu nishati, LamB haitumii ATP, sarafu ya nishati ya seli. Inayoitumia ni MalFGK2, pampu ya maltosi iliyo kwenye utando wa ndani. Uliuliza pia jambo kuhusu sura ya kwanza ya ripoti, nami nimelisahau. Shusha sukari kwanza.