Kitimoto hajawahi kuonja, minyoo ya kichwani imetokea wapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana miaka 24, tuko Mbulu, alianza kuanguka kifafa mwezi wa tatu, juzi kapigwa siti skani wakasema ana vifuko vya minyoo kwenye ubongo, viwili. Sisi Waislamu dokta, kitimoto hajaonja maisha yake yote! Mama anasema karogwa. Nimeshanunua albenda duka la dawa, nimpe?

JIBU: Marahaba dada. Usimpe, iweke kwanza. Kile kidonge kimoja cha minyoo ya tumbo sio tiba ya hii kitu, na vifuko vikianza kufa ubongo unavimba pembeni yake, anaweza akaanguka zaidi ya mwanzo, ndo maana hospitali wanatanguliza dawa ya kutuliza uvimbe, prednisoloni au deksamethazoni, na macho wanayaangalia pia maana kifuko kikiwa humo ile albenda inaweza kumharibia jicho. Dozi yenyewe ya albenda kwa ugonjwa huu ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, siku 10 mpaka 14, vifuko vikizidi viwili wanaongeza prazikwanteli, dawa nyingine ya minyoo.

Ila muulize daktari swali moja: viko hai au vimeshakufa? Kwenye picha kilicho hai mara nyingi kina kidoti ndani, hicho ndo kichwa cha mnyoo. Vikiwa vimegeuka chokaa, dawa ya minyoo haina kazi tena, anabaki na ya kifafa tu, na hiyo asiiache hata akiona amepona.

Sasa kitimoto. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko, haijaiva, anapata tegu tumboni, basi. Mayai ya hilo tegu yanatoka na choo chake, asiponawa vizuri yanaingia kwenye kachumbari, kwenye maji, na atakayeyameza ndo anapata vifuko kichwani, awe shehe awe padri. Hata New York miaka ya 1990 Wayahudi wasiogusa nguruwe waliugua hivi hivi, tegu wakalikuta kwa mfanyakazi wa nyumbani. Kwa hiyo wote hapo nyumbani mkapime choo, na wewe ukiwemo.

Mama msimbishie sana, mwonyesheni ile picha. Na mdogo wako akianguka mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, na kwa sasa asikae peke yake jikoni kwenye moto wala asiende kisimani bila mtu.