Mikono ikitetemeka kabla ya mtihani

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wa kidato cha nne anayetetemeka na kukosa usingizi: kwanza mwachishe vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini ya chupa aliyokunywa saa 2 usiku, karibu nusu yake bado imo mwilini saa 7 usiku. Ndiyo inayomkesha na kumtetemesha. Mchemshie mchaichai dakika 10, hauna kafeini.

Jioni apate ugali wa kiasi, mchicha, na dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, waliooshwa vizuri mchanga ukaisha. Akamulie limau, husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi angoje saa nzima, maana huyazuia. Asubuhi uji wa ulezi na yai, hata kama anasema hana njaa.